Swali Lako Limepokelewa

Yapo mambo ya safari ambayo msomaji hana haja nayo: alipanda nini, alikula nini njiani, nani alitapika. Tuyaache hayo. Bi Somoe, fundi wa kushona, alifika Ngojani, na cherehani yake ikafika nzima. Yanayostahili kusimuliwa yanaanzia hapo.

Alikuwa ameitwa na Ofisi ya Maswali ya Watoto, ambayo katika nchi ya Ngojani ndiyo ofisi kubwa kuliko zote, awashonee wazee wa baraza majoho mapya ya Siku ya Majibu. Mkono wake ulikuwa na sifa hadi nchi za mbali. Mdomo wake ulikuwa na sifa pia, lakini hizo hazikuwa zimefika Ngojani. Bi Somoe alikuwa miongoni mwa mafundi wasioweza kushona kimya. Ataongea na uzi, ataisuta sindano, atahesabu vifungo kwa sauti, na kama chumbani hamna mtu wala haimkeri. Waliomwita walikuwa wamesikia habari za mkono tu.

Walimpa chumba kwa mjane mmoja kijana, jina lake Mashavu, muuza vitumbua, aliyekuwa akiishi na binti yake Tausi, mtoto wa miaka mitano. Siku ya kwanza, Bi Somoe alitegesha cherehani yake karibu na dirisha, akajitundika futi yake ya kupimia shingoni, na kabla hajakaa vizuri Tausi alishaishika ncha ya futi na anaikodolea macho.

"Mama," akasema, "hivi vilivyoandikwa humu ni vitu gani?"

Mashavu alikuwa mbele ya chuma chake cha vitumbua, anavigeuza kwa kijiti. Akaweka kijiti chini, akafuta mikono, akasimama wima, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kwake: "Swali lako limepokelewa."

Kisha akachomoa kadi ya kijani kwenye rundo lililokuwa juu ya kabati, akaigonga muhuri, akaichana vipande viwili. Kipande kimoja akampa mtoto, kingine akatoka nacho mbio mpaka kwenye sanduku la bati pembeni mwa njia. Aliporudi, vitumbua vinne vilikuwa vimeungua.

"Si umwambie tu kwamba ni namba?" Bi Somoe akauliza.

Mashavu akamtazama kwa hofu, akaenda akafunga dirisha.

Sheria ya Ngojani, kama alivyoelezwa siku ile na kama alivyokuja kuisoma mwenyewe baadaye, ni hii. Kazi ya mzazi ni kulisha, kuvisha na kupokea maswali. Kujibu si kazi yake, kwa kuwa hakusomea. Mtoto akiuliza habari za herufi, mzazi hutoa kadi nyekundu. Akiuliza habari za hesabu, hutoa ya kijani. Akiuliza mbona jua halianguki, hiyo huwa kadi nyeupe, na nyeupe hazishughulikiwi. Kadi hukusanywa, hupangwa, hupelekwa kwa wataalamu. Wataalamu hukutana, hutofautiana, huunda kamati, kamati huomba muda. Jibu likishaiva hutolewa Siku ya Majibu, likiwa na mihuri minne, na kwa wastani kuiva kwake huchukua miaka kumi na tisa.

Chanzo cha sheria hii kila Mngojani anakijua. Zamani baba mmoja alimwambia mwanawe kwamba saba na nane ni kumi na sita. Mtoto akalisema hilo mbele ya wageni wa serikali, wageni wakacheka, nchi ikaona haya mwezi mzima. Wazee wakakaa wakaamua kwamba jambo zito kiasi hicho haliwezi kuachiwa watu wanaoshinda jikoni wakikaanga samaki. Hakuna aliyefikiria kwamba yule baba angeweza kusahihishwa kesho yake.

Na lazima tuseme kweli, sheria ilikuwa na matunda yake. Mtoto wa Ngojani akitimiza miaka sita huwa ameshaacha kuuliza kabisa. Wenyewe huita hali hiyo kukomaa, na serikali humpa mtoto cheti. Bi Somoe aliviona vyeti hivyo kwenye kuta za kila nyumba aliyoingia kupima nguo, vimetiwa kwenye fremu, na chini yake watoto wameketi mikono mapajani, wametulia, hawana wanachotaka kujua. Majirani walikuwa wakimwonea Mashavu huruma, maana Tausi wake alikuwa bado anauliza maswali thelathini kwa siku. "Atakomaa tu, mwenzangu," walimwambia, kwa ile sauti ya kumpa mtu pole ya mgonjwa.

"Na mzazi akijibu?" Bi Somoe akauliza.

"Mzazi hafanywi kitu," Mashavu akasema. "Anayechukuliwa ni mtoto. Anapelekwa Bweni la Kusahau, miaka mitatu, mpaka jibu limtoke." Akatazama dirisha kama limefungwa. "Dada yangu alipelekwa. Aliporudi alikuwa mtulivu sana. Hata kunisalimia alingoja aambiwe. Sina mwingine, Bi Somoe. Ninaye huyu tu."

Bi Somoe aliingiwa na huruma, akaapa pale pale kwamba hatamjibu Tausi swali hata moja muda wote atakaokaa ndani ya nyumba ile. Na tumtendee haki mama wa watu: hakujibu hata moja.

Alichofanya ni kushona. Asubuhi aliketi, akamwaga vifungo vyake sinia nzima, akaanza. "Kila joho vifungo sita. Vikubwa huku, vidogo huku. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano... wewe wa sita umekimbilia wapi?" Wa sita alikuwa chini ya kiti. Tausi akaingia uvunguni, akamtoa, akamweka mahali pake. Bi Somoe akakiambia kifungo asante, na mtoto akaona ni yeye aliyeambiwa.

Ilikuwa hivyo kila siku. Vitambaa vyote vya majoho vilikuwa vyeusi na vinafanana, kwa hiyo Bi Somoe alivitia alama kwa chaki kwa mujibu wa jina la mwenyewe, na kila alama aliitangaza. "Hili la Mzee Saburi, S. Hili la Mzee Abasi, A, kama paa la nyumba. Hili la Mzee Mbaruku, M, ana miguu mirefu." Chaki ikivunjika, kipande kilianguka sakafuni, na kipande kilichoanguka sakafuni kilikuwa cha Tausi. Siku ya tatu sakafu ilikuwa imejaa S zilizogeukia upande usio wake. Bi Somoe akaziona, akauambia mkasi, "S yangu ya jana ilinipa mgongo, leo naigeuza tutazamane." Na S za sakafuni zikageuka.

Je, alijua anachokifanya? Hilo ni jambo alilojificha hata yeye mwenyewe. Kwao alikotoka hakuna aliyeliita kufundisha. Liliitwa kushinda nyumbani na mtoto. Yeye mwenyewe alijulia tano na sita kwenye mbaazi alizomenya na mama yake, na hakumbuki hata siku moja aliyoambiwa sasa tunasoma.

Mashavu, mwanzoni, kila aliposikia sauti ya fundi inahesabu aligonganisha masufuria ili majirani wasisikie. Siku ya nne masufuria yakanyamaza. Siku ya tano Bi Somoe aliinua macho akamkuta amesimama mlangoni na kijiti chake mkononi, anasikiliza. Siku ya sita Mashavu alikuwa akipanga vitumbua kwenye sinia, akasema kama anayejisemea, "Viwili, vinne, sita." Kuhesabu alikuwa anajua, kwani mtu anayeuza vitumbua hujua kuhesabu atake asitake, lakini tangu azaliwe hakuwahi kuhesabu kwa sauti mbele ya mtoto. Masikio yalimwiva mekundu. Tausi akaweka viwili vingine pembeni ya vile sita, akamwangalia mama yake.

"Vinane," Mashavu akanong'ona, akacheka peke yake, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Mchana huo alifungua fundo kwenye ncha ya kanga yake, akatoa kipande cha kadi nyekundu kilichochakaa hadi kuwa laini. "Nimekitunza miaka ishirini na nne," akasema. "Nilikuwa wa umri wa huyu. Niliuliza jina langu linaandikwaje."

"Na hawajakujibu mpaka leo?"

"Wanasema mwaka huu huenda likawa limeiva. Jibu langu moja tu ndilo lililokwisha kufika, la swali jingine." Akakirudisha kile kipande kwenye fundo. "Lilisema: Ndiyo, lakini si zote. Sijui nilikuwa nimeuliza nini."

Bi Somoe alikuwa na chaki mkononi, na sakafu ilikuwa pale pale chini yake. Lakini alikuwa ameapa, Tausi anaangalia, na Mashavu naye hakuomba. Akairudisha chaki kopani.

Siku tatu kabla ya Siku ya Majibu alikuja Bwana Faki, karani wa mtaa, kujaribu koti ambalo fundi alikuwa akimshonea naye. Bwana Faki ndiye aliyekuwa akifungua masanduku ya kadi na kuhakikisha kila nyumba inapokea bila kujibu. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, asiyependa kumkosea mtu. Alinyoosha mikono, Bi Somoe akamzunguka na pini zake mdomoni, na kwa mara moja hiyo, kwa ajili ya zile pini, chumba kikawa kimya. Tausi alikuwa amesimama mbele ya karani na kopo la vifungo.

"Bado kimoja," akasema.

"Kimoja nini?" Bwana Faki akauliza.

"Kifungo. Vipo vitano, na kila nguo ina sita."

Bwana Faki akashusha mikono yake taratibu. Akakiangalia kifua chake, akatoa kalamu, akagusa kifungo kimoja kimoja kutoka juu mpaka chini. Ilimchukua muda. Mtoto alikuwa amesema kweli, na hapo ndipo kosa lilipozidi kuwa kubwa, maana kama angekuwa amekosea ingeweza kusemwa kwamba alibahatisha.

"Nani kamwambia?" akauliza, akimtazama Mashavu.

"Si vinaonekana?" Tausi akasema.

Bwana Faki alikaa kwenye kigoda akajaza fomu tatu. Alipofika ya tatu machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nisamehe, Bi Mashavu," akasema. "Mimi mwenyewe ninao wanne nyumbani, wote wametulia, najua mtoto anavyouma. Lakini huyu ana jibu ndani yake, tena halikupitia ofisini. Mtamleta barazani Siku ya Majibu, na nguo zake za miaka mitatu." Bi Somoe akamwomba walau angoje koti litiwe kifungo cha sita. Akakataa. Koti lilikwisha kuwa ushahidi, akasema, na akatoka nalo hivyo hivyo, kifua wazi kwa chini.

Mlango ulipofungwa, Mashavu alimgeukia mgeni wake. "Uliniapia," akasema.

"Sikumjibu hata neno moja, Mashavu. Mungu ni shahidi yangu."

"Hukumjibu. Ulizungumza naye." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Mimi mwanangu nilikuwa napokea maswali yake thelathini kwa siku na kukimbia nayo sandukuni, nikijiona mama mwema. Wewe umekaa naye wiki moja tu. Sasa wanakuja kunichukulia."

Bi Somoe akarudi kwenye cherehani yake. Alimaliza majoho kwa siku mbili bila kutoa sauti, na ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, maana kila alipofika kifungo cha nne alipoteza hesabu. Mashavu naye alikuwa chumba cha pili akimfundisha Tausi kunyamaza. "Ukifika pale usiulize kitu, mwanangu. Usiseme kitu. Tazama chini." Tausi alitazama chini. Kisha akauliza kwa nini, na Mashavu akaenda kuchukua kadi nyeupe.

Siku ya Majibu ilifika. Ukumbi wa baraza ulikuwa mkubwa, watu wamejaa hadi vizingitini, na wazee kumi na mmoja wameketi kwenye jukwaa ndani ya majoho yao meusi, ambayo kwa kweli yaliwakaa vizuri. Katikati yao, kwenye kiti chenye mgongo mpana kuliko mlango, aliketi Bwana Ngwali, Mpokeaji Mkuu wa Maswali, aliyeshika kiti hicho kwa miaka thelathini. Alikuwa na uso wa mtu anayewapenda watoto sana, wakiwa mbali kidogo.

Majibu yakaanza kutolewa. Mzee mmoja aliitwa, akajikongoja mbele, akafungua bahasha yake, akasomewa: "Hapana, isipokuwa wakati wa mvua." Akauliza kwa adabu swali lake lilikuwa lipi. Akaambiwa maswali hayatunzwi, kwa kukosa nafasi. Akashukuru, akarudi kukaa, midomo inacheza: isipokuwa wakati wa mvua, isipokuwa wakati wa mvua. Mama mmoja alipewa "Tisa" akalia kwa furaha. Watu walimpigia makofi, kwa sababu lilikuwa jibu fupi na limetimia.

Kisha likaitwa jina la Mashavu.

Alikwenda mbele amemshika Tausi mkono, Bi Somoe nyuma yao amebeba kile kifurushi cha nguo za miaka mitatu, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichoruhusiwa kusaidia. Mashavu akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja nzuri, nzito, yenye mihuri minne na jina lake katikati. Akaitazama. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Akaigeuza tena.

"Mama, umeipindua," Tausi akasema. Alikuwa amesahau kabisa habari ya kutazama chini. "M miguu yake inakaa huku." Akaigeuza karatasi mikononi mwa mama yake, akaweka kidole. "M. Halafu A, ile ya paa. Halafu S. Hii siijui. Halafu A tena, umeiona? Ile ile. Hizi mbili za mwisho sizijui."

Mashavu alikifuata kile kidole kutoka mwanzo wa jina lake mpaka mwisho. Halafu akalia mbele ya watu wote, bila kujificha uso, kilio cha mtoto wa miaka mitano. Bi Somoe naye akalia. Wakati wanalia, ukumbi mzima ulikuwa kimya, na katika kimya hicho ilisikika kalamu ya Bwana Faki ikiandika ushahidi.

Shauri lenyewe lilichukua saa mbili, na tungeweza kulieleza lote kama msomaji angekuwa amekosea kitu kikubwa cha kustahili adhabu hiyo. Kwa kifupi, Bwana Ngwali alimwuliza Bi Somoe kama alimjibu mtoto. Bi Somoe akasema mtoto hakumuuliza, alikuwa akihesabu vifungo vyake mwenyewe. Mzee Abasi akasema neno lililosemwa na mtu kwa nafsi yake haliwezi kuwa jibu. Mzee Saburi akasema linaweza, endapo pana sikio la mtoto ndani ya hatua tatu. Likazuka jambo la hatua za nani, za mtu mzima au za mtoto, na hilo likaundiwa kamati. Mwisho walikubaliana kwamba fundi ni mgeni, hakujua, na majoho yamekaa vizuri, kwa hiyo aondoke kwa amani. Mtoto ni jambo jingine. Mtoto anazo herufi tatu na namba zaidi ya tano, na vitu hivyo vimo ndani yake.

"Sisi si watu wakatili," Bwana Ngwali akasema, na aliamini hivyo. "Bi Mashavu, tutakuachia mwanao kwa sharti moja. Utuonyeshe hapa hapa kwamba mambo ya kujibu nyumbani kwako yamekwisha. Mtoto atauliza swali lolote alitakalo, nawe utalipokea kama sheria inavyotaka. Ukilipokea vizuri, nenda naye."

Lilikuwa sharti jepesi kabisa. Bi Somoe alipumua. Maneno matatu tu, na Mashavu alikuwa ameyasema mara thelathini kwa siku tangu mtoto alipoanza kutamka. Tausi alimtazama mama yake kuona kama kweli ameruhusiwa, na Mashavu akamwitikia kwa kichwa. Mtoto akautazama ukumbi, akazunguka kwa mguu mmoja, mwanga unaingia kila upande.

"Mama," akasema, "madirisha ya humu ni mangapi?"

"Swali lako," Mashavu akaanza. Akanyamaza. Bi Somoe, aliyekuwa karibu yake, aliiona karatasi mkononi mwake, na kidole gumba chake kilikuwa kimeikandamiza ile M. Watu wakangoja. Bwana Faki akainua kalamu. Bi Somoe akasema moyoni, malizia, mwanangu, malizia twende zetu.

"Sijui," Mashavu akasema. "Twende tukayahesabu."

Akamshika mkono, wakaanza kutembea.

"Ngoja kwanza," Mzee Saburi akasema. "Hilo ni jibu, au si jibu?"

Bwana Faki akafungua msahafu mnene wa sheria, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Sheria inakataza kujibu, Mzee. Habari ya sijui haimo."

"Haimo vipi?"

"Naona hakuna aliyewahi kuisema humu ndani."

Wazee wakainamiana kunong'onezana. Lakini ni vigumu kunong'ona jambo la sheria huku mtoto anapita mbele yako anahesabu kwa sauti. Mashavu na Tausi walikuwa ukutani, wanagusa kila kizingiti cha dirisha wanachofikia. "Moja. Mbili. Tatu." Vichwa vya watu vikaanza kuwafuata. "Nne. Tano." Mzee aliyepewa jibu la mvua alikuwa anahesabu kwa vidole. Mzee Mbaruku, jukwaani, midomo ilikuwa inamcheza. Walipofika kona, Tausi akasema sita mara mbili, Mashavu akasema, "Hebu, hili tulishaligusa?" na watu watano wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakakumbuka walipo wakaangalia juu. "Kumi. Kumi na..." Tausi akakwama. Mashavu akamwambia wakumbuke vitumbua, sinia ikishajaa kumi wanaanzia wapi, na mtoto akacheka. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu." Walikuwa wamerudi mlangoni walikoanzia.

"Kumi na tatu, mama," Tausi akasema.

"Kumi na tatu," Mashavu akasema.

"Kumi na nne," akasema Bwana Ngwali.

Ukumbi mzima ukageuka. Mpokeaji Mkuu alikuwa amejipinda kwenye kiti chake, joho limemsokota, mkono mmoja umesogeza pazia nyuma ya ule mgongo mpana wa kiti. "Mmelisahau hili la nyuma yangu," akasema. "Na mimi nilikuwa silijui, lakini lipo." Kisha akasikia alichokisema. Akaachia pazia.

Bwana Faki alikuwa na fomu mpya mbele yake. Alimtazama Bwana Ngwali kwa huzuni kubwa. "Mkuu," akasema, "umemjibu mtoto. Niandikeje?"

Bwana Ngwali alikaa akafikiri. Alikuwa mzee sana, na Bi Somoe alisema baadaye kwamba kwa wakati ule alionekana mdogo kuliko wote pale. "Andika swali limepita ofisini," akasema mwishowe. "Ofisi si ni mimi? Limepokelewa, limejibiwa. Mtoto hana kosa." Akalichungulia tena lile dirisha. "Wengine wote kaeni. Nataka tuhakikishe kama ni kumi na nne kweli."

Bwana Faki akaandika. Alipofika kwenye safu ya muda uliotumika, ambayo tangu fomu zianze kuchapwa ilidai idadi ya miaka, kalamu yake ilisimama, na hata Bi Somoe anaondoka Ngojani ilikuwa bado imesimama.

Mashavu hakungoja muhuri. Alikunja karatasi yake akaitia kifuani, akamshika mwanawe mkono, wakatoka mlangoni, Bi Somoe nyuma yao amekumbatia kifurushi kisichokuwa na kazi tena. Kabla hawajafika barabarani Tausi alikuwa ameshauliza mengine matatu. Mashavu hakujua hata moja, na kwa kila moja alisimama, akainama, wakaangalia wote wawili.